Je, Kisumu Ilihamishwa? Jibu kwa Mwalimu wa Nyalenda

Swali: Mzee, salamu. Mimi nafundisha gredi ya 6 hapa mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba Kisumu ya kwanza haikuwa hapa ilipo, ilikuwa ng'ambo ile ya maji, kisha ikahamishwa. Niliwasimulia wanafunzi wangu, mmoja akanyoosha mkono: "Nani aliihamisha? Na mbona sisi tunakaa huku chini, Milimani iko kule juu?" Nilikosa la kumwambia. Tena kitabu kimoja kinasema mji uliitwa Port Florence, kingine kinasema Kisumu ilikuwa Uganda. Nishike kipi?

Jibu: Mwalimu, shika vyote. Babu yako alisema kweli, na vitabu vyako vyote viwili vimesema kweli. Kisumu ilikuwa Uganda, ikaitwa Port Florence, ikahama ng'ambo, na hayo yote yalitokea ndani ya miaka michache tu, moja likimkanyaga mwenzake kisigino. Ndiyo maana yanachanganya watu. Mimi nimekuwa mpima ardhi sehemu kubwa ya maisha yangu, Kisumu na Kakamega, na katika maswali yako yote nimelipenda zaidi la yule mtoto. Nitalifikia. Lakini lazima tuanze na reli, kwa sababu hakuna mtu aliyeketi akaamua kujenga mji hapa. Kilichoamuliwa ni mahali pa kumalizia reli. Mji ulifuata nyuma kama vumbi linavyofuata gari.

Jina lenyewe lilikuwepo kabla ya reli. Waluo husema "adhi kisuma", yaani naenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, hasa mwaka wa njaa. Mwenye mtama alikutana na mwenye samaki. Majembe yalitoka kwa Wasamia, ambao kufua chuma ni kazi ya mababu zao. Palikuwa na vyungu, vikapu, mbuzi. Jua likizama kila mtu alijitwika chake akarudi kwao. Hapakuwa na mji, palikuwa na mahali. Ukipita soko la Kibuye siku ya Jumapili, Mwalimu, utaikuta kisuma yenyewe, ila sasa malipo yanapita kwenye simu.

Mji wenye sifa zama hizo ulikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipumzika pale, ikanunua chakula, ikafunga mizigo upya na kuendelea Uganda. Waingereza walipokuja walifuata njia ile ile na wakapiga kambi pale pale. Nia yao haikuwa Kavirondo, kama walivyoiita nchi hii. Nia yao ilikuwa Uganda, waliyoitangaza kuwa himaya yao mwaka 1894. Huku kwetu palikuwa njia ya kupita.

Reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, ilipewa jina la kule ilikokuwa inaelekea: Reli ya Uganda. Upimaji wa kwanza wa njia, ulioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka 1891 na 1892, uliielekeza mpaka Port Victoria, kule Bunyala karibu na mdomo wa mto Nzoia. Baadaye wapimaji waligundua kwamba wakipanda Mau na kushukia bonde la Nyando wangeyafikia maji mapema, kwenye ghuba iliyoitwa Ugowe, hii tunayoiita Winam. Njia fupi, gharama pungufu, na gharama zilikuwa zimeshaanza kuwatoa jasho wakubwa wa London. Basi Port Victoria ikabaki na jina kubwa na soko dogo, na Mumias, yenye umaarufu wake wote, ikaachwa kando ya njia. Kwa maoni yangu, mstari ule mmoja wa penseli ulibadili Magharibi ya Kenya kuliko vita vyote vya wakati ule.

Sasa ile Kisumu ya babu yako. Mnamo Julai 1899 ulichorwa mpango wa kwanza wa mji. Ulikuwa mchoro mwembamba: sehemu za kutia nanga, eneo la nyumba za serikali, eneo la maduka. Na ulichorwa ufuo wa kaskazini wa ghuba, karibu na barabara ya leo ya kwenda uwanja wa ndege. Kwa hiyo mgeni anayeshuka na ndege Kisumu hushukia jirani na mji wa kwanza bila kujua. Mei 1900 ukachorwa mpango mwingine, na viwanja vikagawiwa kampuni chache za Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao wakiwa watu waliokuja kwa mikataba ya reli.

Wasimulie wanafunzi wako habari ya meli, wataipenda. Reli haijafika, meli ilikuwa imeshafika. Iliitwa William Mackinnon, ya tani 62, ikaundwa Scotland kisha ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa hivyo hivyo, wapagazi wakiibeba kuja ziwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Hebu chora ubaoni mstari wa watu wasioisha, huyu ana bamba la chuma kichwani, yule ana kifurushi cha ribiti, wawili wamebeba bomba mabegani, na hakuna hata mmoja wao anayejua chombo hicho kikiungwa kitafanana na nini. Meli iliungwa Kisumu, na Oktoba 1900 ikafanya safari yake ya kwanza kwenda Entebbe. Ilifuatiwa na Winifred mwaka 1902, kisha Sybil na Clement Hill. Hizo nazo zililetwa vipande na kuungwa hapa. Mafundi wa Kisumu wa kuunga meli wana historia ndefu kuliko jengo lolote la mjini. MV Uhuru yenyewe ni mtoto wa kazi hiyo hiyo, miaka ya 1960.

Ijumaa, 20 Desemba 1901, reli ikafika gatini. Hapo ndipo lilipo jina la Port Florence. Wengi husimulia kwamba ni heshima kwa Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Mama huyo alifuatana na mumewe akiishi mahemani njia nzima, na husemwa ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Wengine husema Florence aliyekusudiwa ni mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu. Wagombane wenyewe. Kwa darasa lako inatosha kwamba jina lilikuja na reli na halikudumu, kwa sababu wenyeji hawakuacha kusema Kisumu hata siku moja.

Hapa niongeze jambo ambalo hafla ya msumari hulificha. Reli ilifika, lakini haikuwa imekamilika. Huko Mau treni zilikuwa zinapita kwenye njia za muda, zikizunguka makorongo, huku madaraja 27 ya vyuma yakisubiri kuunganishwa na kampuni ya Marekani iliyoitwa American Bridge Company. Gharama ya watu ilikuwa nzito zaidi ya chuma. Kutoka India waliletwa wafanyakazi karibu 32,000, wakafa karibu 2,500, na karibu 6,700 hawakurudi kwao mikataba ilipokwisha. Shika hii namba ya mwisho, tutaihitaji. Hesabu hizo ni za Wahindi peke yao. Waafrika waliobeba, waliochimba na waliofyeka msitu hawakuandikwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Na Wanandi, ambao reli ilipita kwenye nchi yao bila hodi, walipigana na Waingereza kwa miaka kumi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa 19 Oktoba 1905 akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani.

Kuhusu Uganda ni rahisi. Reli ilipofika Kisumu ilikuwa imefika Uganda kwelikweli. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianzia kule ziwani ukaja mpaka Naivasha. Kisha 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza ikaukata mkoa huo na kuutia ndani ya Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo Kenya, ili reli yote iwe chini ya mkubwa mmoja. Watu waliolala Uganda wakaamka kwingine bila kuhamisha hata kuku. Na kichekesho ni kwamba kuanzia siku hiyo Reli ya Uganda haikuwa na hata futi moja ndani ya Uganda. Mkoa huo wa Kisumu ukaja kubadilishwa jina mwaka 1909, ukawa Nyanza.

Tuje kwenye kuhama.

Ufuo ule wa kaskazini ulikuwa bondeni, wenye mafunjo na maji yaliyotuama. Malaria iliwaangusha maofisa mmoja baada ya mwingine. Ng'ambo ya pili ya maji, upande wa kusini, palikuwa na mwinuko ulioingia ziwani kidogo, wenye upepo mchana kutwa. C. W. Hobley, aliyeongoza utawala wa sehemu hizi wakati huo, na wenzake wakauona. Makao ya serikali yakahamia huko juu, gati na yadi ya reli zikakaa chini yake kwenye maji, na mji wa leo ukajengeka hapo katikati. Kwa hiyo jibu la "nani aliihamisha" ni serikali, lakini ukitaka kumchekesha yule mtoto mwambie ni mbu. Si uongo mkubwa. Mwaka 1903 Kisumu ikawa mji mdogo kisheria, wenye mipaka yake na kanuni zake. Kumbuka neno hilo "mipaka", kwa sababu jibu la Milimani na Nyalenda limejificha humo.

Miaka ya mwanzo haikuwa na raha hata huko kwenye upepo. Ugonjwa wa malale ulikuwa unateketeza watu pande za Busoga tangu kama 1901, ukatambaa na ufuo mpaka huku. Tauni nayo iliingia Kisumu zaidi ya mara moja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofisa akipangiwa Kisumu alionewa huruma na wenzake wa Nairobi.

Na bado mji ulikua, kwa sababu mizigo yote ya Uganda ilipita hapa. Pamba ya Uganda ilipoanza kupandwa kwa wingi baada ya 1904, ilivuka ziwa kwa meli, ikashushwa Kisumu, ikapakiwa kwenye mabehewa. Kwenda huko zilipita nguo, mafuta ya taa, majembe, misumari, mabati. Ufuta na ngozi za Nyanza yenyewe zikajiunga. Winston Churchill alipotembelea sehemu hizi mwaka 1907 alipita hapa hapa kupanda meli ya kwenda Uganda, kama kila mtu.

Wale 6,700 waliobaki sasa wanaingia. Si wote waliofungua maduka, wala si maduka yote yalifunguliwa na watu wa reli. Wengi walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe, wakiitwa na ndugu. Mfanyabiashara mkubwa kuliko wote alikuwa Allidina Visram, mtu wa Kutch, aliyekuwa na matawi kutoka pwani hadi Uganda, Kisumu ikiwemo, mpaka alipofariki mwaka 1916. Lakini mji haukujengwa na Allidina peke yake. Ulijengwa na mwenye duka la mabati lenye baraza mbele na kitanda nyuma, anayekopesha chumvi leo na kupokea ufuta msimu ujao. Na wengine hawakuuza chochote. Serikali iliwapa Wahindi mashamba kati ya Kibos na Muhoroni katika miaka hiyo ya mwanzo, nao wakalima. Ukanda huo ndio uliokuja kuwa wa miwa, na kiwanda cha sukari cha Miwani kikajengwa mwaka 1922. Ukisikia mtu anasema Wahindi walikuja Kenya kuuza duka tu, mpeleke Kibos.

Nikuonyeshe jinsi mji huo ulivyokatwa, maana nimeukanyaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kijana wa kushika mnyororo wa kupimia, tulitumwa kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka, za kiwanja kimoja cha duka katikati ya mji. Bosi wangu alikunjua ramani ya kitambaa, ya rangi ya chai, vipimo vyake vyote kwa futi. Viwanja vya madukani vilipangwa kama meno ya kitana: uso mwembamba barabarani, mwili mrefu kwenda nyuma, na nyuma kabisa kichochoro. Nilimwuliza kichochoro ni cha nini. Akasema, "Cha ndoo." Kila usiku wafagiaji walipita humo kuchukua ndoo za vyoo, wasionekane na wanunuzi. Bikoni ya tatu tuliipata kwenye kichochoro hicho, chuma cha unene wa kidole ndani ya saruji, kimefunikwa na takataka za miaka. Mwenye duka alikuwa akikiegemezea kreti za soda. Kisha bosi akakunjua karatasi ya pili, ya Milimani, mtaa wa Wazungu wa enzi hizo. Kiwanja kimoja cha huko kingemeza maduka kumi na mengineyo, na bado kingebaki na nafasi ya bustani. Hakikuwa na kichochoro. Nikatafuta kwenye ramani hiyo mahali walipolala wale wabeba ndoo. Hapakuwepo.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi wako lilipo, Mwalimu. Ramani ilikuwa na mahali pa mwenye nyumba na pa mwenye duka, lakini aliyefanya kazi hakuchorewa. Mwafrika alihesabiwa mpita njia mjini: aje afanye kazi, apewe posho, arudi kijijini. Alisukumwa kuja na kodi ya nyumba, rupia 2 kisha 3 kwa mwaka, ambazo mtama na mbuzi havikutosha kuzilipa pale serikali ilipotaka fedha taslimu. Akifika mjini alilala kwenye landi, yaani vyumba vya wafanyakazi wa reli, kama ni mtu wa reli, au uani kwa tajiri wake, au pembeni kwenye vibanda. Baada ya Vita vya Kwanza akavishwa na kipande shingoni, yaani kitambulisho cha lazima cha kazi.

Mgawanyo huo ulipewa na joho la elimu. Mwaka 1913 Ofisi ya Makoloni ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya miji, azunguke Afrika Mashariki kuangalia tauni na uchafu. Akapendekeza kila mji ugawanywe: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati uachwe mkanda wa ardhi tupu wa yadi 300, karibu mita 270. Hoja yake ni kwamba mbu angechoka kabla hajavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mimi si daktari, na mifereji na maji safi aliyoyashauri pia yalihitajika kweli. Lakini mbu wa Kisumu hakuwahi kuonyeshwa ramani. Anayepika, anayefua na anayelea mtoto wa Mzungu alivuka mkanda ule kila alfajiri, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa alihitajika. Dawa ya tauni ingekuwa kuwajengea wafanyakazi nyumba nzuri. Mkanda ulikuwa rahisi zaidi, nyasi hazina gharama. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliacha rasmi kutenga Wazungu na Wahindi mijini, ila kufikia hapo viwanja vilikuwa vimekwisha kupimwa na kuuzwa, na kiwanja kikishapigwa bikoni hakisikii tangazo. Mikanda ya wazi ya namna hiyo ndiyo iliyoishia kuwa viwanja vya michezo na bustani katika miji mingi ya Kenya.

Waafrika wa kwanza kukaa kwa kudumu walijitafutia. Kaloleni, jirani na reli, kulikaliwa sana na Waislamu wenye kusema Kiswahili, na hata leo ukitaka kusikia Kiswahili kilichonyooka Kisumu nenda huko jioni baada ya swala. (Jina Kaloleni lipo pia Mombasa, "kulola" ni kutazama kwa lugha za pwani, kana kwamba mtu anaambiwa, nendeni mkaone.) Wanubi, waliokuja na jeshi la Waingereza, walikaa pande za Kibos. Lakini umati ulikaa nje kabisa ya mpaka wa mji, kwenye ardhi za koo, ambako ofisa wa afya hakuwa na mamlaka ya kubomoa na mwenye shamba alikuwa na haki ya kupangisha. Manyatta, Nyalenda, Obunga. Angalia ramani ya simu yako: mitaa hiyo imeuzunguka mji wa zamani kama mkono uliokumbatia. Huo mkono ndio mpaka wa mji wa kikoloni, umechorwa na watu badala ya wino. Mapema miaka ya 1970 mpaka ulisukumwa mbali sana, mji ukafikia kilomita za mraba 417, na mitaa hiyo ikaingizwa ndani. Ikaingizwa bila barabara, bila mabomba, bila mifereji, kwa sababu haikuwahi kupimwa kwa ajili ya mji.

Hiyo ndiyo sababu, Mwalimu, hati ya mwenye nyumba wa Milimani ni ya kukodi kutoka serikalini kwa miaka, na jirani yako wa Nyalenda ana cheti cha shamba la babu yake. Wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu, lakini kisheria ardhi zao zimezaliwa na mama tofauti. Watu wengi hudhani Nyalenda ni mtaa uliovamiwa. Sivyo hata kidogo. Pale mwenye ardhi alikuwepo kabla ya mji. Mji ndio uliomjia.

Vita vya Kwanza nitavipita haraka. Meli za ziwa zilifungwa mizinga, na Juni 1915 jeshi liliondoka Kisumu kwenda kuivamia Bukoba kwa Wajerumani. Maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa na maswali, na Desemba 1921 walikutana Lundha, Gem, kwenye mkutano ulioanzisha Piny Owacho, vuguvugu la kudai haki. Hiyo ni mada nzima, niulize siku nyingine.

Kilichobadili bahati ya Kisumu ni reli ile ile iliyoileta. Njia mpya ilitolewa Nakuru kupitia Eldoret, ambako ilifika 1924, ikaenda Tororo na Jinja, na mwaka 1931 treni ikafika Kampala bila kugusa maji. Nakuru, iliyokuwa stesheni ya vumbi mwaka 1900 na ikatangazwa mji mdogo mwaka 1904, ikawa njia panda. Kisumu ikawa tawi. Mizigo ya Uganda iliyokuwa inaamkia hapa ikawa inapita mbali kaskazini. Wazee wa bandarini niliowakuta nikiwa kijana walilizungumza jambo hilo kama watu wanaosimulia mke aliyeondoka. Cha ajabu, mwaka huo huo wa 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kutua Kisumu, kwenye njia ya kutoka Uingereza kuja Afrika Mashariki, zikiwemo zile zinazotua juu ya maji. Mji uliopitwa na treni ukapata abiria wa angani. Mwaka 1938 mnara wa saa ukazinduliwa katikati ya mji kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, ukitolewa na wanawe. Uko hapo bado, barabara ya Oginga Odinga.

Ushauri wangu kuhusu somo: acha ubao, watoe watoto nje. Anzeni stesheni ya reli asubuhi kabla ya jua kali, mshuke mpaka gatini mwone reli inavyoingia majini. Muulizeni mtu wa pale mwambao wa kaskazini uko wapi, mtauona ng'ambo, ndipo palipokuwa Kisumu ya babu yako. Pandeni mjini mpite vichochoro vya nyuma ya maduka. Kila mtoto apime upana kwa hatua, kisha apime upana wa uso wa duka. Mfike mnara wa saa. Kutoka hapo pandeni Milimani, na wahesabu hatua kutoka geti moja hadi geti linalofuata, walinganishe na zile za madukani. Halafu vukeni Ring Road muingie Nyalenda, nyumbani kwao. Kama mvua imenyesha usiku, msimamishe yule aliyeuliza swali hapo barabarani, akuonyeshe kwa kidole maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

Barua ya kuomba ruhusa ya bandarini iandike mapema, yenye mhuri wa shule. Askari wa getini hapendi kuona watoto arobaini wamemjia bila karatasi, na kumbembeleza huchukua asubuhi nzima.